Gari la Moto Kule Thamesmead

Nimelelewa Kigoma, mwisho wa reli, na wazee wetu treni waliiita gari la moto. Kwa hiyo nilipofundishwa kanisani, nikiwa na miaka saba hivi, kwamba zamani nabii mmoja alichukuliwa mbinguni kwa gari la moto, sikushangaa hata kidogo. Nilimwona kabisa amekaa daraja la tatu karibu na dirisha, kikapu cha dagaa miguuni, anawapungia mkono waliobaki stesheni. Walitajwa pia farasi wa moto, nao sikujua niwaweke wapi. Nikawapakia behewa la mizigo.

Imani hiyo nilikaa nayo miaka yote. Niliolewa nayo, nikazaa nayo, nikapanda nayo ndege mpaka London. Haikunipa taabu, kwa sababu hakuna mtu mzima anayeulizwa nabii alisafiri kwa chombo gani. Taabu ilianza miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilipokabidhiwa watoto wa shule ya Jumapili.

Tulikuwa tunaishi Thamesmead, mtaa wa pembezoni mwa London. Kanisa letu lilikuwa la Wakongo wa mashariki, wengi wao watu wa Uvira na Bukavu waliokimbia vita, na mimi Mtanzania walinipokea kama jirani, kwa kuwa ukisimama Kigoma siku isiyo na ukungu unaiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Jengo hatukuwa nalo. Tulikodi ukumbi wa mtaa kila Jumapili alasiri, tukingoja kwanza wazee wa Kiingereza wamalize dansi yao. Watoto kumi na wawili niliwafundishia chumba cha nyuma, kati ya viti vya akiba na friji lisilofanya kazi. Walielewa Kiswahili changu chote na kunijibu kwa Kiingereza, na tukaenda hivyo hivyo.

Jumapili ile nilifika kwenye habari ya nabii. Nikasema, gari la moto likashuka, likamchukua.

Mkono wa kwanza ukapanda. "Gari la kampuni gani?"

Mkono wa pili: kama gari lilikuwa linawaka, mbona yeye hakuungua? Na je, kuna aliyewaita zimamoto? Kisha binti mmoja mpole, ambaye kwa kawaida hakufungua kinywa, akauliza kama lilikuwa kama lile lililochomwa wiki iliyopita nyuma ya gereji za mtaa wao. Miaka ile vijana walikuwa na mchezo wa kuiba magari, kuzunguka nayo mpaka mafuta yaishe, halafu kuyatia kiberiti. Watoto wangu wote walikuwa wameliona gari la moto kwa macho yao. Nabii akawa anaonekana mhuni.

"Hapana," nikasema kwa ukali. "Lilikuwa treni."

Halafu mmoja akauliza, kwa heshima zote, alipandia stesheni gani.

Sikujua kwamba Mchungaji alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa mtu mkubwa, mrefu na mpana, mwenye sauti ya kutosha ukumbi mzima bila kipaza sauti. Baada ya ibada aliniita pembeni, akainama, akaninong'oneza kana kwamba ananipa habari ya msiba.

"Dada, nabii hakupanda treni."

"Alipanda nini, Mchungaji?"

"Gari," akasema.

"La namna gani?"

"La kale." Akatazama dari. "Wewe dada, si unafanya kazi mahali penye vitu vya kale?"

Ni kweli. Nilikuwa nafanya usafi katika jumba moja kubwa la makumbusho katikati ya jiji. Tuliingia saa kumi na mbili asubuhi na kuondoka wageni wakianza kupanga foleni. Sehemu yangu ilikuwa kumbi tatu za chini, na mmojawapo ulikuwa na kuta za mawe ya kuchongwa kutoka Ashuru, huko Iraki. Nilikuwa nimeyapitia mawe yale na dekio langu mwaka mzima na zaidi, na ukiniuliza yamechongwa nini nisingekuambia. Mtu anayedeki anaangalia chini.

Jumatatu ile niliinua kichwa. Ukuta mzima ulikuwa magari. Yalikuwa na magurudumu mawili tu, makubwa, na juu yake kijisanduku kilicho wazi kwa nyuma, wala hakuna kiti. Watu watatu wamesimama ndani yake wamebanana, mmoja ameshika hatamu, mmoja anavuta upinde, mmoja anamkinga mwenzake kwa ngao. Mbele farasi wenye manyoya kichwani kama maharusi. Nilisimama na dekio likinidondokea maji viatuni.

"Mama, mbona leo kazi haiendi?"

Alikuwa mlinzi wa zamu ya asubuhi, mzee wa Kihindi mwenye masharubu meupe, mzaliwa wa Mombasa aliyehamia Kingsbury, upande mwingine wa London. Tulikuwa tukisalimiana kwa Kiswahili kila siku. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, na alikuwa na tabia ya kunisahihisha.

"Mzee, hiki kitu ni nini?"

"Hilo ni gari la vita. Si 'kitu'."

Nikamweleza mkasa wote, treni na kikapu cha dagaa na gari lililochomwa nyuma ya gereji. Alicheka mpaka akatoa leso. Kisha akajifuta, akaniambia kwa upole kwamba hata kwao Wahindu gari la namna hiyo lina heshima kubwa.

"Ila kwenu Mungu alipeleka gari," akasema. "Kwetu sisi aliliendesha mwenyewe."

"Mungu awe dereva?"

"Dereva kabisa. Wajua, majeshi mawili yamepangana, vita viko tayari. Shujaa yuko garini, anawatazama wa upande wa pili, anawaona ni jamaa zake. Mikono ikalegea. Akasema mimi sipigani. Basi dereva akageuka kumpa maneno."

"Hapo hapo, katikati ya uwanja?"

"Hapo hapo."

"Maneno mengi?"

"Mama, mengi sana. Kuhusu uhai, na kifo, na wajibu wa mtu."

"Na majeshi yanangoja?"

"Yanangoja."

"Na farasi?"

"Farasi wa zamani walikuwa na adabu," akasema mlinzi, akatazama saa yake, akaniambia wageni wataingia na sakafu bado ina maji.

Juma lile nilichora gari lile nyuma ya fomu ya kuombea sabuni, nikawapelekea watoto. Walilipenda. Mmoja aliuliza mkanda wa usalama uko wapi, na mwingine akaona kwamba halina breki. Niliandika maswali yao ili nimwulize mlinzi, nikasahau, na hilo la breki najuta kulisahau mpaka leo.

Mchungaji naye aliuona mchoro. Kanisa lilikuwa linatimiza miaka mitano kiangazi kile, akaamua tuigize kuchukuliwa kwa nabii. Nabii angekuwa yeye. Msimamizi wa gari ningekuwa mimi, kwa kuwa ndiye niliyefanya kazi na magari ya kale. Kutoka mtu wa treni nikawa mtaalamu ndani ya majuma matatu.

Wa kulitengeneza alikuwa mmoja tu. Tulimwita Papa Fundi. Uvira alikuwa na kibanda cha kutengeneza baiskeli na mikokoteni karibu na soko, mpaka vita vilipokichukua na kila kilichokuwamo. London alikuwa anaosha masufuria katika jiko la hoteli. Alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, mwembamba, mkimya, anayekaa kiti cha nyuma na kutikisa kichwa tu wakati wa nyimbo. Nilipomweleza habari ya gari, aliuliza swali moja.

"Magurudumu mangapi?"

"Mawili."

Akasimama. Sikuwahi kumwona akisimama haraka vile.

Alipata kila kitu mtaani. Mifereji ya Thamesmead ilikuwa imejaa baiskeli zilizotupwa, akazivua mbili kwa kamba na ndoano, akazikausha, akabadilisha spoku. Sanduku lilikuwa kabati la nguo ambalo mtu alilitelekeza kando ya lifti ya jengo letu. Alilikata nusu, akalizungusha, akaliacha wazi nyuma kama nilivyomwambia. Mti wa kuvutia ulikuwa nguzo ya uzio. Nilikuwa napita jioni za mwezi wa sita, jua bado kali, namkuta uani kwake amepiga magoti na spana mdomoni, anaimba kwa sauti ya chini. Mkewe alisimama dirishani akaniambia kwamba mumewe hajaimba tangu Uvira.

Ndiyo maana sikuweza kugombana naye juu ya ekseli, ule mhimili unaounganisha magurudumu mawili.

"Papa Fundi," nilimwambia, "kwenye mawe ekseli iko nyuma kabisa, chini ya visigino vya watu. Wewe umeiweka katikati."

"Mama, minafanya mikokoteni tangu kijana. Ekseli inakaa katikati. Ukiiweka nyuma, uzito wote unakwenda kwa farasi."

"Labda ndivyo walivyotaka."

"Basi walikosea," akasema, bila hasira, kama mtu anayewasamehe.

Farasi walikuwa mashemasi wawili. Mmoja alikuwa mrefu sana na mwingine mfupi sana, lakini ndio waliokubali. Walivaa mashuka ya kahawia, na mikia ilikuwa vichwa vipya vya dekio nilivyovinunua sokoni. Kwa kuwa shemasi mfupi hakuufikia mti vizuri, Papa Fundi alimfunga nao kwa mkanda wa suruali kiunoni. Moto tuliupata Kingsbury. Nilimwambia mlinzi kwamba tunatafuta kitambaa cha rangi ya moto, na kesho yake akaja na sari mbili za mkewe, moja ya machungwa na moja nyekundu yenye uzi wa dhahabu, zimekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Bibi asema msitie moto wa kweli," akaniambia.

"Mwambie aje ajionee mwenyewe."

Mbingu ilikuwa jukwaa la ukumbi. Mbele yake palikuwa na mteremko wa mbao wa kupandishia viti vya wagonjwa, ulionyooka na njia ya katikati ya viti. Farasi wangevuta gari kutoka chini, wapande mteremko, waingie nyuma ya pazia, na nabii atoweke. Tulifanya mazoezi mara nne na kila mara ilikwenda vizuri ajabu. Mchungaji alikuwa na shughuli nyingi, kwa hiyo mahali pake tuliweka gunia la mchele la kilo ishirini na tano. Hakuna aliyekaa akapiga hesabu kwamba Mchungaji ni magunia manne.

Siku ya sherehe joto lilikuwa la kutoa jasho ukiwa umekaa. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Tulifungua milango miwili mikubwa ya nyuma ili hewa iingie. Mlinzi na mkewe walikuja kwa treni na mabasi kutoka upande wa pili wa jiji, nikawakalisha karibu na mlango. Yeye alivaa tai.

Papa Fundi aliigiza pia. Mwanafunzi wa nabii, kijana anayebaki na joho la mwalimu wake, hakuwa amepatikana, ikabidi avishwe shuka yeye aliyekuwa mkubwa kuliko nabii kwa miaka kumi na tano. Hakuna aliyejali. Walisimama wawili chini ya mteremko, wakaagana kwa maneno ambayo Mchungaji alikuwa ameyarefusha usiku wa kuamkia siku ile. Kwaya ikaanza kuimba taratibu. Gari likaingia kutoka pembeni, sari zikipepea ubavuni, spoku zinang'aa, na nakuambia kweli, watu walishusha pumzi. Bibi mmoja aliinua mikono juu. Lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri kuliko mchoro wangu na, kwa macho yangu, kuliko yale ya mawe.

Mchungaji akapanda. Kabati likalia.

"Twende," akasema kwa sauti ya kinabii.

Farasi wakavuta. Magurudumu yakaugusa mteremko, yakaanza kupanda, na hapo Mchungaji, ambaye hakuwa na kiti wala cha kushika isipokuwa ukingo wa mbele, akarudi nyuma hatua moja ili asimame vizuri. Hatua hiyo moja ilimvusha ekseli.

Mti wa kuvutia ukainuka. Shemasi mrefu akauachia, kwa kuwa alikuwa na akili. Shemasi mfupi alikuwa amefungwa. Nilimwona akipanda juu polepole mbele ya kanisa zima, miguu ikipiga hewa, mkia wa dekio unaning'inia, na uso wake ukiwa na mshangao wa mtu anayechukuliwa yeye badala ya nabii. Kwaya ilidhani ni sehemu ya igizo. Wakaongeza sauti.

"Shuka!" Mchungaji akapiga kelele.

"Nashukaje?" farasi akajibu.

Gari likaanza kurudi. Liliteremka mteremko kinyumenyume, likaingia njia ya katikati ya viti likiwa na kasi nzuri, kwa sababu Papa Fundi alikuwa ametia grisi beringi zake kama anayeandaa mashindano. Yeye mwenyewe alilikimbilia mikono mbele, shuka imemkwama magotini. Alikuwa na maneno marefu ya kumlilia mwalimu wake na alikuwa ameyakariri kwa majuma. Lililotoka ni moja.

"Breki! Pasta, breki!"

Hapakuwa na breki. Watoto wangu wa shule ya Jumapili, safu yote, walinigeukia mimi.

Mchungaji alipita mbele yetu amesimama wima, ameshika ukingo wa kabati kwa mikono miwili, joho limejaa upepo. Shemasi mfupi alikuwa amefanikiwa kuukalia mti kwa mapaja, akawa anapanda gari analolivuta. Walipokaribia mlango, mlinzi aliinuka, akanyoosha mkono mbele kama anavyowazuia wageni wasiguse mawe, na akasema kwa Kiingereza cha kazini, "Samahani, bwana." Gari halikumsikia. Mlinzi akamvuta mkewe pembeni na magurudumu yakapita juu ya mkoba wake wa chakula. Wakatoka mlangoni, wakavuka kijia, na ukumbi mzima ukasikia ukimya, kisha mlio wa kabati likikutana na ua wa majani.

Kwaya ilinyamaza. Bibi aliyeinua mikono alikuwa bado hajaishusha. "Amekwenda," akasema.

Tulikimbilia nje. Mchungaji alikuwa amelala chali ndani ya ua, majani kichwani, hana hata mkwaruzo. Shemasi mfupi alikuwa amekaa kwenye nyasi bado amefungwa mti wake. Wa kwanza kucheka alikuwa mke wa Mchungaji. Alijaribu kujizuia kwa leso, akashindwa, akaegemea ukuta, na baada ya hapo hakuna aliyebaki amesimama sawasawa. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na mlinzi alikuwa ananishika bega akisema, "Mama, pole, pole," huku machozi yanamtoka.

Mchungaji alirudi ndani kwa miguu. Akapanda jukwaani, akatoa jani sikioni, akangoja tutulie.

"Yule nabii hakurudi," akasema. "Mimi nimerudishwa. Kuna anayetaka kuniuliza kwa nini?"

Hakuna aliyetaka. Tukala pilau.

Ni wakati wa kugawa sahani ndipo nilipogundua kwamba Papa Fundi hayupo. Alikuwa amelikokota gari lake lililovunjika mpaka nyumbani, na mkewe hakujua ameondoka saa ngapi. Jumapili iliyofuata hakuja. Wala ya pili, wala ya tatu. Mchungaji alikwenda kumwambia kwamba hakuna ubaya, akamkuta amekaa kitandani na akajibiwa kwa heshima kwamba anaumwa mgongo. Watu walikuwa bado wanacheka kila wakikutana, na katika kicheko kile hakuna aliyekuwa na nia mbaya, lakini ukiwa wewe ndiye uliyeiweka ekseli katikati, hujui.

Nilimwendea Jumamosi moja ambayo sikuwa kazini.

"Papa Fundi, vaa koti. Twende mahali."

"Kanisani?"

"Kwenye mawe."

Tulipanda treni mpaka katikati ya jiji. Nilimpitisha mlango wa wageni, na mimi mwenyewe niliona haya kidogo kuingia bila dekio. Alipofika mbele ya ukuta alisimama mbali kwanza. Halafu akasogea, akasogea, mpaka mlinzi, aliyekuwa zamu siku hiyo, akakohoa. Nikawajulisha. Mlinzi alitazama huku na huku, akaturuhusu kuvuka kamba kwa hatua moja.

Papa Fundi alihesabu spoku kwa kidole hewani. Nane. Akapiga goti, akachungulia gurudumu kwa chini, pale ekseli ilipotokeza, nyuma kabisa, chini ya visigino vya mfalme mwenye upinde.

"Walijua," akasema. "Anaposimama hapa, hata akiegemea nyuma, mti hauinuki. Farasi wanabeba kidogo, lakini haliwezi kupinduka. Mama, hawa watu walikuwa mafundi kabisa."

"Nilikwambia."

"Uliniambia." Akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha puani, lakini nilikisikia.

Kisha akaona kilichokuwa chini. Mimi nilikuwa nimeangalia magari tu. Chini ya tumbo la farasi kulikuwa na watu waliolala, mmoja mgongo umepinda, mwingine mkono ameuinua. Gari linapita juu yao na waliomo garini wanatazama mbele. Papa Fundi aliwaangalia wale zaidi ya alivyoangalia magurudumu.

"Walimchonga vizuri aliye juu," akasema hatimaye. "Huyu wa chini hata jina hawakuandika."

Mlinzi akasema kwamba hata yule shujaa wa kwao, baada ya maneno yote mazuri ya dereva, alipigana mwishowe, na waliokufa hawakuhesabika. Tulisimama watu watatu mbele ya mawe, mpaka kundi la watalii likaja na tukalazimika kurudi nyuma ya kamba.

Gari lilitengenezwa upya mwezi ule ule. Ekseli ilikwenda nyuma, na pembeni pakawekwa breki ya mkono ya baiskeli, ambayo watoto wangu waliikagua mmoja mmoja. Mchungaji hakupanda tena. Alisema ameshakwenda na kurudi.

Mwaka uliofuata mlinzi alikuja kwangu na ombi, akilizungukazunguka kwa namna isiyokuwa yake. Hekalu lao lilikuwa na maandamano, sanamu ya mungu wao hubebwa ndani ya gari na kuvutwa kwa kamba na watu, na gari lao la zamani mbao zilikuwa zimeoza. Je, Papa Fundi angekubali kuwaazima lake?

Jambo lilifika kanisani na likawa kubwa. Wengine walisema gari la nabii haliwezi kubeba miungu ya watu. Wengine walisema lile ni kabati la nguo lililookotwa kando ya lifti. Shemasi mfupi, ambaye alikuwa na haki ya kusema kuliko wote, alisema kwamba yeye angefurahi kuliona likivutwa na watu wengine. Mchungaji aliwasikiliza wote, kisha akamgeukia Papa Fundi.

"Ni mali yako, Papa. Unasemaje?"

"Pasta, wale walitupatia moto wao," akasema Papa Fundi. "Mimi ninataka kujua tu barabara yao ina mashimo ama hapana."

Tulikwenda wote wawili, mimi na Papa Fundi, kuliona. Walikuwa wamelipaka rangi nyeupe na kulifunika kwa maua ya manjano mpaka kabati halionekani, na watu kwa mamia walikuwa wameshika kamba, wazee na wasichana na wenye maduka, wote peku. Ngoma zilikuwa zinapigwa. Mke wa mlinzi alitupatia peremende za maziwa tukazila papo hapo. Papa Fundi hakuangalia sanamu wala ngoma. Alitembea ubavuni mwa gurudumu la kushoto mtaa mzima, spana mfukoni, kichwa amekiinamisha akisikiliza beringi, na kila gari liliposimama alipiga goti barabarani kwa haraka, akakaza kitu, akainuka. Wanawake wawili wa Kihindi waliokuwa nyuma yetu walimwona akipiga magoti mara ya nne, wakaambiana kwa Kiswahili cha Nairobi kwamba hawajawahi kumwona Mwafrika mwenye imani kiasi kile.